Boro na sashiko za zamani: namna ya kuzikagua, kuzifua na kuzitia viraka

Boro ni nguo kuukuu ya Kijapani iliyotiwa viraka tabaka juu ya tabaka, na sashiko ni mshono wa bandi unaozishikilia tabaka hizo. Lishike boro kwa mikono miwili, vidole vikiwa mbali kwa sentimita 5 hivi, ulivute taratibu kwa hanamu. Kitambaa kizima kitanyumbuka kidogo kisha kitarudi. Kilichooza hakinyumbuki. Kinatoa sauti kavu ya karatasi, na ukikiinua kwenye mwanga utaona nyuzi za mtande (zile za urefu wa kitambaa) zimekatika hapa na pale, mshindio (zile za upana) peke yake ndio umebaki kushikilia. Kabla ya kuwaza sabuni au sindano, pima hivyo sehemu nne au tano: katikati, pembeni, kwenye rangi ya giza, kwenye rangi iliyopauka, na pale viraka vilipopandana.

Majibu ya kipimo hicho ndiyo yanayoongoza kazi yote, kwa sababu kanuni ni moja tu: chochote unachoongeza, kiwe uzi au kiraka, kiwe laini kuliko kile kinachoongezewa. Mvutano ukija, ukatike uzi wako wa mwaka huu, si kitambaa cha miaka mia. Makosa mengi yanayoonekana kwenye maboro yaliyorekebishwa siku hizi yanatokana na kuigeuza kanuni hiyo.

Maelezo haya ni ya nguo za kazi na za nyumbani: mifuniko ya mifarishi (futonji), yogi ambayo ni blanketi nene lenye umbo la kimono na mikono yake, vifuniko vya kotatsu ile meza yenye moto chini, furoshiki za kufungia mizigo, na zokini za kufutia sakafu. Vingi vinavyouzwa leo ni vya kati ya mwisho wa karne ya 19 na katikati ya karne ya 20. Kimono za hariri za sherehe zina taratibu nyingine kabisa.

Unashika nini hasa

Boro si aina ya kitambaa. Ni tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lina umri wake na nyuzi zake. Ukilifua kama kitu kimoja, litakuumbua.

Sababu iko kaskazini mwa kisiwa cha Honshu, eneo la Tohoku. Baridi ya huko hairuhusu pamba kuota vizuri, kwa hiyo watu wa vijijini walivaa na kulalia asa, nguo za nyuzi za mashina ya hempu na rami. Asa ni imara lakini haizuii upepo. Pamba iliwafikia ikiwa imeshavaliwa na wengine: matambara kutoka Osaka na miji ya jirani yalipakiwa kwenye meli za biashara za Kitamaebune, yakapandishwa kwa Bahari ya Japani hadi bandari za kaskazini, yakauzwa vipande vipande. Kipande cha pamba kilishonewa juu ya asa, kikichakaa kikafunikwa na kingine. Mshono wa sashiko, ambao kwa umbo ni bandi ya kawaida iliyorudiwa mistari kwa mistari, ulifanya kazi mbili: kufunga tabaka ziwe kitu kimoja chenye joto, na kuimarisha kilichokuwa kinaisha.

Kwa fundi wa leo, maana yake ni kwamba chini ya pamba laini huenda kuna asa, na viwili hivyo havinywi maji wala havirudi (yaani kusinyaa) kwa kipimo kimoja. Utaitambua asa kwa macho: nyuzi zake zina vinundu mahali zilipounganishwa kwa mkono, zinang'aa kidogo, na ukigusa zina ubaridi. Pamba iliyosokotwa kwa mkono ina unene unaopanda na kushuka. Nyuzi zilizo sawa sawa kabisa ni za kiwandani, na hizo zilienea Japani katika enzi ya Meiji (1868–1912).

Pima upana wa kila kipande kutoka ukingo hadi ukingo. Jora la Kijapani lilifumwa na upana wa sentimita 34 hadi 38 hivi, kwa hiyo mfuniko wa kawaida una vipande vinne vilivyounganishwa kwa urefu na unafika sentimita 130 hadi 145. Usishangae michoro ikiwa haikutani kwenye maungio. Mifuniko ilifumuliwa ili ifuliwe, na wakati wa kuishona upya kipande cha katikati kilichochakaa kilihamishiwa pembeni. Huo ni ushahidi wa matumizi, si kasoro ya kunyooshwa.

Rangi nayo ina mambo yake. Buluu ni nili, na nili ndiyo rangi rafiki kuliko zote hapa. Nyeusi na kahawia iliyokolea ndizo za kuogopwa. Mara nyingi zilipatikana kwa kuchanganya tanini na chuma, na chuma hicho kinaendelea kula nyuzi miaka yote hata kama nguo iko sandukuni. Ndiyo maana kwenye kitambaa cha mistari ya buluu na kahawia mara nyingi utakuta mistari ya kahawia imemomonyoka na ya buluu imesimama imara. Nyekundu nazo ni za shaka: zile za ua la benibana zinatoka kwenye maji yenye magadi au sabuni kali, na zile za rangi za dukani za enzi ya Meiji na baadaye zinaweza kuchuja zikachafua kila kilicho karibu.

La kweli na la kutengenezwa jana

Bei ya maboro imepanda, na soko limejibu kwa kuyatengeneza. Vitambaa vyenyewe huwa ni vya zamani kweli; kilicho kipya ni ushonaji. Angalia mambo matatu.

Kwanza, inua ukingo wa kiraka palipoachia. Chini ya kiraka cha kweli kilichokaa miongo, buluu imekolea kuliko pembeni yake, kwa kuwa hapakufikiwa na jua wala msuguano. Ikiwa chini na pembeni pamepauka sawasawa, kiraka kiliwekwa baada ya kupauka. Pili, tazama uchakavu ulivyokaa. Mtu aliyelala chini ya mfuniko aliuchakaza shingoni na kwenye magoti, hivyo viraka vinakusanyika huko. Viraka vilivyotawanywa kwa mpangilio wa kupendeza macho, vyote vya ukubwa mmoja, vinasema habari nyingine. Tatu, chomoa uzi mmoja wa mshono wenye urefu wa sentimita 1 mahali pasipoonekana, uushike kwa kibano na kuuchoma mbali na nguo. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu mepesi ya kijivu. Poliesta inayeyuka na kuganda kuwa kishanga kigumu. Taa ndogo ya urujuanimno nayo husaidia gizani: uzi au kitambaa kinachowaka weupe wa buluu kimepitia sabuni za kisasa zenye dawa ya kung'arisha. Hilo peke yake halithibitishi ughushi, kwani hata boro halisi huenda lilifuliwa juzi, lakini uzi unaowaka kwenye kitambaa kisichowaka unatosha kukufanya uulize maswali.

Mshono wa cherehani, kwa upande wake, usikutishe. Nyumba nyingi za vijijini zilikuwa na cherehani kabla ya kuacha kutumia nguo hizi.

Kuzoesha jicho, anza na vitu vyenye asili inayojulikana. Mkusanyaji Tanaka Chuzaburo (1933–2013) alizunguka vijiji vya Aomori kwa miongo akikusanya vitu ambavyo wenyewe waliona haya kuvionyesha. Sehemu ya mkusanyiko wake ilionyeshwa kwenye Amuse Museum huko Asakusa, Tokyo, kuanzia 2009 hadi 2019, na picha zake zimesambaa. Kwa sashiko za kaskazini zenye michoro, Nihon Mingeikan, jumba la sanaa za kienyeji lililofunguliwa Tokyo mwaka 1936, lina mifano mizuri. Ukiishika kogini ya Tsugaru, sashiko ya mkoa wa Aomori, hesabu nyuzi za mtande chini ya kila mshono: ni witiri, 1, 3, 5, 7. Hishizashi ya Nanbu, upande wa pili wa mkoa huohuo, huenda kwa shufwa, na almasi zake hutanuka kwa ubavu.

Vumbi na wadudu kwanza

Usiloweshe boro lenye vumbi. Vumbi likipata maji linakuwa tope, linaingia ndani ya nyuzi, na kila chembe ya mchanga inakuwa kisu.

Litandaze juu ya meza. Funika sehemu unayoifanyia kazi kwa wavu wa plastiki wa madirisha (pindia kingo zake kwa utepe zisikwaruze), kisha pitisha mashine ya kuvuta vumbi kwa nguvu ndogo kabisa, mdomo wake ukiinuliwa na kushushwa badala ya kuburutwa. Pande zote mbili. Mfuniko mkubwa unachukua saa moja na zaidi.

Ukiona vinyesi vya wadudu, maganda au matundu mapya, lipitishe kwenye friza. Lifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, utoe hewa, uliweke kwenye nyuzijoto −18 au chini zaidi kwa wiki mbili. Likitoka, liache ndani ya mfuko saa 24 mpaka lifikie joto la chumba. Ukifungua mapema, unyevu wa hewa utatua juu ya kitambaa baridi na umeondoa wadudu ukaleta kuvu.

Kufua, au kutofua

Harufu ya moshi wa jiko na masizi si lazima iondoke. Fua pale tu boro linaponuka uvundo, linapokuwa na madoa ya manjano yanayonata au vumbi lililogandamana, na kipimo cha kuvuta kikawa kimeonyesha kitambaa kizima. Lenye nyeusi ya chuma iliyoanza kumong'onyoka, au nyekundu yoyote isiyojulikana, lisiingie majini.

Jaribu rangi kwanza, na hapa watu wengi wanajichanganya. Sugua kila rangi taratibu kwa kitambaa cheupe kikavu. Nili itaacha buluu, na hilo ni la kawaida: nili haiyeyuki kwenye maji, imekaa juu ya nyuzi kama unga mwembamba, hivyo inaondoka kwa msuguano. Kisha lowesha kitambaa kingine cheupe, kikamue, kiweke juu ya rangi hiyohiyo, gandamiza kwa kioo au chupa kwa dakika 5 bila kusugua. Rangi ikipita hapo bila msuguano wowote, hiyo inachuja kwelikweli, na kufua kumeishia hapo.

Boro likifaulu vipimo vyote, endelea hivi:

1. Tandaza wavu mkubwa, mkubwa kuliko boro, ndani ya bafu au beseni pana. Boro litaingia na kutoka likiwa juu ya wavu, kamwe si kwa kushikwa pembe. Pamba yenyewe haidhoofiki ikilowa, ila maji yanaongeza uzito mara kadhaa, na ni uzito huo unaolipasua ukiliinua vibaya.

2. Weka maji ya nyuzijoto 20 hadi 25, yafunike boro kwa sentimita 10. Liache lizame lenyewe dakika 20. Maji ya kwanza yatakuwa na rangi ya chai. Hiyo ni tindikali na mabaki ya nyuzi zilizozeeka, na kuondoka kwake ndiyo faida kubwa ya kufua.

3. Mwaga, jaza tena, safari hii na sabuni ya maji isiyo na magadi wala kiweupesho: kijiko kimoja cha chai (mililita 5) kwa lita 10. Gandamiza kwa sponji bapa, juu na chini, dakika 10. Usisugue, usipige, usikunjekunje.

4. Suuza mara tatu mpaka tano, hadi povu liishe kabisa. Sabuni inayobaki inavuta uchafu na kulifanya boro liwe manjano upya.

5. Acha maji yatiririke, inua kwa wavu watu wawili, laza juu ya mataulo, funika kwa mataulo mengine na ugandamize. Badili mataulo. Kausha likiwa limelala, kivulini, feni ikipuliza pembeni.

Jiki haina nafasi hapa. Inaivunja nili na kuiacha manjano. Dawa za oksijeni nazo ziache dukani. Wala usipige pasi: mikunjo na matuta madogo kati ya mishono ndiyo mwili wa sashiko, na pasi inaubana uwe kama karatasi.

Uzi, sindano na kiraka

Uzi wa sashiko ni wa pamba, nyuzi kadhaa zilizosokotwa pamoja kwa ulegevu, bila mng'ao. Ulegevu huo ndio unaoufanya utanuke na kuketi ndani ya kitambaa badala ya kukikata. Kwa kukarabati kitu cha zamani chagua ule mwembamba, na utumie mmoja, si maradufu. Ukiukosa, chukua uzi wa kudarizi wenye nyuzi 6, utenganishe, utumie 2. Mng'ao wake utaonekana kidogo, lakini afadhali mng'ao kuliko uzi wa cherehani wa poliesta. Huo wa mwisho ni msumeno: hautanuki, haukatiki, na kila ukivutwa unapanua matundu ya sindano mpaka yawe mstari wa kuchanikia.

Rangi ya uzi: nyeupe isiyopaushwa, au buluu iliyotiwa nili. Watu huchovya uzi mweupe kwenye chai ili uonekane mzee. Msifanye. Chai ni tanini, na ikikutana na chuma kilichomo kwenye kitambaa cha kahawia au kwenye maji ya kisima inatengeneza ileile nyeusi inayokula nyuzi. Uzi mweupe ukipita kwenye nili utabuluka wenyewe kidogo wakati wa kushona, na huo ndio uzee wa kutosha.

Sindano za sashiko zina urefu wa sentimita 4.5 hadi 5 na tundu pana. Kwenye boro dhaifu chagua iliyo nyembamba kuliko zote inayoruhusu uzi wako kupita. Sindano nene haipiti kati ya nyuzi, inazikata. Kwa kitambaa kipya chenye tabaka, kastabini ya Kijapani ya kiganjani, ile yenye kisahani, inarahisisha sana: kichwa cha sindano kinakaa kwenye kisahani na kiganja ndicho kinachosukuma.

Kiraka kiwe cha pamba iliyokwisha fuliwa mara kadhaa, nyembamba kuliko kinachotiwa kiraka. Pamba mpya isiyofuliwa ni kosa linaloonekana baada ya ufuaji wa kwanza: inarudi, boro lililokwisha rudi zamani halirudi, na pembezoni panajikunja kama kikombe. Shuka kuukuu la pamba tupu linafaa kuliko kitambaa cha gharama. Mtande wa kiraka uende sambamba na mtande wa kitambaa. Ukikikata kwa hanamu kitanyumbuka kuelekea kusikotakiwa.

Kutia kiraka

Kwa tundu la kawaida weka kiraka kwa nyuma, ili uso wa zamani ubaki unaonekana. Cha juu kiwekwe pale uso umebaki nyuzi tupu zinazoning'inia. Kwa vyovyote kiraka kivuke ukingo wa tundu kwa sentimita 3 hadi 4 kila upande, na usipime kutoka kwenye tundu: pima kutoka pale kitambaa kilipoanza kuwa kizima tena. Kuzunguka kila tundu kuna mkanda wa kitambaa kilichochoka ambacho bado hakijatoboka, na mshono unaoishia ndani ya mkanda huo ndio utakaozaa tundu lijalo.

Laza boro mezani, panga nyuzi zilizolegea kwa ncha ya kibano zirudi mahali pake, usizikate. Telezesha kiraka chini. Kishikize kwa bandi ya uzi mwembamba wenye mishono ya sentimita 2, kuanzia katikati kwenda nje mithili ya miale. Pini ziepukwe, zinavuta.

Kata uzi wa sentimita 50. Mrefu zaidi unapita mara nyingi kwenye matundu yaleyale na kuyachubua. Usipige fundo. Anza mishono mitatu ndani ya mstari, shona kurudi nyuma hadi mwanzo, geuka, pita juu ya mishono hiyohiyo na uendelee. Mwisho fanya vivyo hivyo. Fundo kwenye kitambaa dhaifu lina tabia ya kuvutwa likatokea upande wa pili, likiacha kitundu.

Mstari wa kwanza upite katikati ya tundu, sambamba na mtande, ukianzia na kuishia kwenye kitambaa kizima. Mishono iwe ya milimita 3 kwa juu na 2 kwa chini. Mistari ifuate kila upande kwa nafasi ya milimita 6 hadi 8. Ukiikaribisha zaidi, kila tundu la sindano ni jeraha jipya na sehemu inakuwa ngumu. Ukiiachanisha kupita sentimita 1, kiraka kinafura kama mfuko.

Kwenye kitambaa kipya sindano hukusanya mishono kumi na zaidi kwa mkupuo, sindano ikitulia na kitambaa kikichezeshwa juu yake kwa mkono wa kushoto. Kwenye boro kusanya mishono 3 tu. Pale palipochakaa kabisa, pitisha sindano wima, juu kwenda chini kisha chini kwenda juu, mshono mmoja mmoja. Inachosha, lakini hakuna njia ya mkato isiyokunja nyuzi zilizooza.

Sasa jambo ambalo Wajapani wanaliita itokoki, nalo ndilo linalotofautisha kazi ya fundi na ya anayejaribu. Baada ya kila sentimita 8 au 10, vuta uzi mpaka mstari uanze kufinyana kidogo, halafu bana mwanzo wa mstari kwa vidole vya mkono mmoja na upapase kwa dole gumba la mkono mwingine, ukielekea unakoshona, mpaka finyo zote zitoweke na kitambaa kilale. Uzi unabaki na ulegevu uliogawanyika sawa. Usipopapasa, utashona mstari uliobana, ujao utabana pia, na baada ya mistari kumi kiraka kimejikunyata sentimita nzima ambayo hairudi bila kufumua. Kila unapogeuka kuanza mstari mwingine, acha kitanzi cha milimita 3 kwa nyuma. Kinaonekana kizembe. Kiache. Nguo ikikunjwa au ikilowa, kitanzi hicho ndicho kinachotoa urefu unaohitajika.

Mistari isiishie yote kwenye ukingo mmoja ulionyooka. Mmoja uvuke kiraka kwa sentimita 1, unaofuata kwa 2, mwingine uishie palepale. Kiraka chenye mpaka mkali kinahamishia mvutano wote kwenye mpaka huo, na baada ya miezi kitambaa kinachanika sambamba nacho kama kimepigiwa rula. Kingo za kiraka kilichowekwa kwa nyuma zisipindwe: upindo unaongeza unene mara mbili pale pasipohitaji. Cha juu pinda milimita 5, mara moja tu.

Ukimaliza ng'oa bandi, igeuze kazi uitazame kwenye mwanga wa pembeni. Tuta linaloelekea mstari mmoja maana yake mstari huo umebana; ukate katikati, ufumue hadi pembeni, uurudie peke yake. Mistari ya jirani haihitaji kuguswa, na hiyo ni faida ya bandi juu ya mshono wa cherehani. Usiikate mishono ya zamani kwa ajili ya usafi, hata iliyokaa kombo.

Zokini ya mazoezi

Mkono usiozoea itokoki usianzie kwenye boro. Shona kwanza zokini au kitambaa cha vyombo, vitu ambavyo bado vina kazi: shuleni Japani watoto huagizwa zokini, kwa kawaida taulo lililokunjwa na kushonwa pembeni na kwa mistari miwili inayopishana katikati kama mkasi uliofunguliwa.

Tumia sarashi, pamba nyeupe nyepesi iliyo karibu na bafta, yenye upana wa sentimita 34. Kata sentimita 70, ikunje katikati uso ndani, shona mwisho uliokutana kwa sentimita 1, kisha kingo mbili za pembeni kwa nusu sentimita ukiacha mlango wa sentimita 8. Igeuze, ufunge mlango kwa mkono. Chora miraba ya sentimita 1 kwa kalamu inayofutika kwa maji. Shona mistari yote ya mlalo kwanza, ukihakikisha kila makutano yako katikati ya mshono wa juu: milimita 2.5 kabla, milimita 2.5 baada. Halafu shona mistari ya wima kwa kipimo hichohicho, na kila makutano yatageuka alama ya kujumlisha. Huo ni jujizashi; ukiongeza mishono ya mshazari kati ya alama hizo unapata komezashi. Ukikosea milimita moja mwanzoni mwa mstari, mwisho wake utakuwa umekosea mstari mzima, kwa hiyo hesabu makutano, usiamini macho. Ifue kwa maji ya uvuguvugu. Ikitoka mraba ulionyooka, ulegevu wa uzi wako uko sawa. Ikitoka imejikunja pembe, rudia nyingine kabla ya kugusa cha zamani.

Kuhifadhi

Likunje boro kidogo iwezekanavyo. Bora zaidi lizungushe kwenye bomba la karatasi nene la kipenyo cha sentimita 10 lililovikwa pamba nyeupe, uso ukiwa nje, kisha ulifunike kwa shuka safi la pamba. Plastiki inafungia unyevu, na hewa yenye unyevu zaidi ya asilimia 65 inaotesha kuvu. Japani wana desturi ya mushiboshi, kuanika nguo za sandukuni ndani ya nyumba siku kavu baada ya mvua za Juni na Julai. Chagua msimu mkavu wa unakoishi na ufanye hivyo mara moja kwa mwaka, kivulini.

Ukitaka kulitundika, shonea nyuma utepe wa pamba wenye upana wa sentimita 10 kwenye ukingo wote wa juu, mistari miwili ya bandi, upitishe fimbo laini ndani yake. Ndoano na klipu zinabebesha uzito wote kwenye nukta mbili. Liweke mbali na dirisha, na baada ya miezi mitatu lishushe likapumzike.